Ujuzi Usiofichwa: Robo Karne ya Shule ya Uhifadhi ya Mombasa na Deni Letu Sisi wa Nakuru

Mwaka 2000, jengo la mahakama ya zamani lililo karibu na Fort Jesus, Mombasa, lilipata kazi mpya. Mahali palipokuwa pa kusikilizia kesi pakawa makao ya PMDA, mpango wa kuendeleza makumbusho ya Afrika, ulioanzishwa na ICCROM, shirika la kimataifa la uhifadhi lenye makao yake Rome, kwa kushirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Baada ya miaka michache taasisi hiyo ikabadili jina na kuitwa CHDA, kituo cha kuendeleza urithi barani Afrika. Wanafunzi wake walikuwa watu wazima wenye kazi zao: watunza ghala, mafundi, wasimamizi wa mikusanyo na walimu wa makumbusho kutoka nchi za Afrika zinazotumia Kiingereza. Wengi walikuwa wamekabidhiwa funguo za urithi wa nchi zao bila kuwahi kufundishwa namna ya kuzuia picha isififie au ngoma isiliwe na dumuzi.

Robo karne imepita tangu hapo. Taasisi ya namna hii haipewi sifa nyingi, kwa sababu matunda yake hayaonekani. Mgeni anayeingia katika makumbusho huiona picha iliyo salama ukutani na kuisifu, akamsifu na mchoraji. Haoni mikono iliyoifikisha picha hiyo siku ile, wala hajui mikono hiyo ilifundishwa na nani. Sisi wa Nakuru na Bonde la Ufa la kati tuna sababu ya kuikumbuka shule ile ya pwani, maana sehemu kubwa ya picha ambazo Kenya inajivunia leo zimepita mikononi mwa watu waliozaliwa, waliochimba au waliohamia huku kwetu. Picha hizo zingali hai kwa sababu kulitokea watu walioamua kwamba ujuzi wa kutunza usiwe siri ya mtu mmoja.

Picha tulizoachiwa

Mwaka 1937 Mary Leakey alianza kuchimba Hyrax Hill, kilima kilicho ukingoni mwa Nakuru, akaendelea hadi 1938. Watu wanamkumbuka kwa mafuvu ya Olduvai na nyayo za Laetoli, lakini mama huyu alianzia kwenye uchoraji. Baba yake, Erskine Nicol, alikuwa mchoraji wa mandhari, na yeye mwenyewe aliingia katika akiolojia kwa kuchora zana za mawe kwa ajili ya vitabu vya wenzake. Mwaka 1951 yeye na mumewe Louis walikwenda Kondoa, Tanganyika, na huko akanakili michoro ya miambani ipatayo 1,600. Nakala hizo zilichapishwa katika kitabu mwaka 1983, na jina la kitabu lilitahadharisha kwamba sanaa hiyo ya Afrika inatoweka. Mwaka 2006 michoro ya Kondoa iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mikono iliyochambua udongo wa Hyrax Hill ndiyo iliyonakili picha hizo mstari kwa mstari. Makumbusho ya Hyrax Hill, yaliyofunguliwa mwaka 1965 katika nyumba iliyokuwa ya mwenye shamba, yanaendelea kuitunza kumbukumbu ya uchimbaji ule.

Wa pili ni Joy Adamson. Dunia inamjua kwa simba Elsa na kitabu cha mwaka 1960, lakini kabla ya simba alikuwa mchoraji. Alifika Kenya mwaka 1937, akaanza kuchora mimea akiwa na mumewe wa wakati huo, Peter Bally, mtaalamu wa mimea. Mwaka 1947 michoro yake ya maua ilimpatia nishani ya dhahabu ya Grenfell kutoka chama cha bustani cha kifalme cha Uingereza. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya wakiwa na mavazi na mapambo yao ya jadi. Kazi hiyo ilimtembeza nchi nzima kwa miaka kadhaa, na matokeo yake ni mamia ya picha, hasa za rangi za maji juu ya karatasi, ambazo leo ni mali ya Makumbusho ya Taifa. Mwaka 1967, mwaka ule ule kilipotoka kitabu chake juu ya watu wa Kenya, alinunua nyumba ya Elsamere kando ya Ziwa Naivasha, ambayo leo ni makumbusho na kituo cha elimu ya mazingira. Baadhi ya picha zake za Wamaasai zinaonyeshwa katika Makumbusho ya Narok.

Wa tatu ni Joseph Murumbi, aliyezaliwa Eldama Ravine mwaka 1911, baba akiwa mfanyabiashara Mgoa na mama Mmaasai. Alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya kwa miezi michache ya mwaka 1966, akaiacha siasa, na mwaka 1972 akaanzisha jumba la sanaa la African Heritage jijini Nairobi pamoja na mkewe Sheila na Alan Donovan. Vinyago, vitambaa, vitabu, stempu na kazi za wasanii wa Afrika alizozikusanya maishani mwake ni miongoni mwa mikusanyo mikubwa ya mtu binafsi iliyopata kubaki katika ardhi ya Afrika. Wengine waliuza ng'ambo. Murumbi alisisitiza mali hii ibaki nyumbani. Sehemu yake iko katika jengo la Kumbukumbu za Taifa, Moi Avenue, na nyingine katika Nairobi Gallery.

Hao watatu walitofautiana kwa asili, kwa tabia na kwa nia. Mmoja alinakili, mmoja alichora, mmoja alikusanya. Lakini kila mmoja aliacha swali lile lile: nani atakayetunza?

Namna picha inavyokufa

Swali hilo ni zito kuliko linavyosikika, kwa sababu picha haihitaji moto wala mafuriko ili ife. Chukua picha moja ya rangi za maji, ya ukubwa wa kutosha kuning'inia sebuleni, iwe imekaa miaka 50 ndani ya fremu ya kawaida katika nyumba ya Nakuru au Naivasha. Mhifadhi akiilaza juu ya meza safi na kuifungua nyuma, kwanza huona ubao mwembamba uliowekwa kuikinga. Ubao huo ndio adui wa kwanza, maana mbao za bei nafuu hutoa asidi, na asidi hiyo imeshaingia katika karatasi na kuacha rangi ya kahawia inayofuata mishipa ya mti. Halafu huona utepe wa gundi uliotumiwa kuishikiza picha. Umekuwa wa manjano, umekauka, na gundi yake imezama ndani ya nyuzi za karatasi. Akiigeuza mbele huona mstari mweusi kidogo pale pambizo la kadi lilipoikata picha. Ndani ya mstari karatasi imepauka. Nje yake, ilipofunikwa, rangi zina nguvu ile ile aliyoiacha mchoraji. Huo mpaka ni ushahidi wa mwanga: sehemu ile finyu iliyofichwa inaonyesha picha nzima ilivyokuwa zamani.

Sasa huwasha taa na kuimulika picha kutoka ubavuni, taa ikiwa chini karibu na meza. Kila kasoro husimama: mawimbi ya karatasi iliyonyonya unyevu, michubuko midogo pale wadudu walipoparura uso ili kula gundi ya wanga iliyotandazwa kiwandani, na mahali rangi nzito zilipoanza kubanduka. Kwenye kona kuna madoa madogo ya kahawia, alama za ukungu uliowahi kuota msimu wa mvua na kukauka wakati wa kiangazi. Kabla hajagusa chochote, huandika. Huchora ramani ya picha na kutia alama kila doa, hupiga picha za mbele na nyuma, hupima urefu na upana, huandika tarehe na jina lake. Kazi ya brashi laini inakuja baadaye, na maji huja mwisho kabisa, kama yanakuja.

Nakuru iko mita zipatazo 1,850 juu ya usawa wa bahari. Jua letu ni kali, na kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo miale ya urujuanimno inavyozidi nguvu. Kipimo ambacho makumbusho duniani yanakubali kwa picha za rangi za maji ni laksi 50, yaani mwanga hafifu unaomwezesha mgeni kuona vizuri baada ya macho kuzoea. Mwanga wa jua la mchana nje unaweza kufika laksi 100,000. Madhara ya mwanga hujumlishwa siku hadi siku, na hakuna dawa inayorudisha rangi iliyokwisha kufifia. Unyevu ukizidi asilimia 65 au 70 kwa muda mrefu, ukungu huamka. Ongeza vumbi letu la kiangazi na joto la paa la mabati, utaelewa kwa nini picha iliyotoka salama mikononi mwa mchoraji inaweza kuisha mikononi mwa mwenye kuipenda.

Maarifa haya yote si magumu. Mtu makini anaweza kuyashika katika majuma machache. Tatizo ni kwamba kwa miaka mingi hayakuwafikia waliokuwa na funguo za ghala.

Kutoka pango la Lascaux

Mwaka 1930 mambo mawili yalitokea yasiyohusiana. Mwezi Septemba Makumbusho ya Coryndon yalifunguliwa Nairobi, ndiyo mzazi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mwezi uliofuata wanasayansi na wasimamizi wa majumba ya sanaa walikutana Rome kuzungumzia mbinu za kisayansi za kuchunguza na kuhifadhi kazi za sanaa. Mkutano ule ni mmoja wa mizizi ya taaluma ya uhifadhi wa picha kama tunavyoijua. Kabla yake, kurekebisha picha kulikuwa kazi ya karakana. Kila fundi alikuwa na mchanganyiko wake wa vanishi na dawa ya kusafishia, aliouficha hata mwanafunzi wake asiujue wote. Fundi alikufa na ufundi wake, na aliyefuata akaanza upya, mara nyingi kwa kuharibu.

Taaluma ilikomaa pale siri ilipoanza kuvunjwa. Mwaka 1950 ilianzishwa London jumuiya ya kimataifa ya wahifadhi, IIC. Mwaka 1956 UNESCO iliamua kuunda kituo ambacho leo ni ICCROM, nacho kikaanza kazi Rome mwaka 1959. Tarehe 4 Novemba 1966 Mto Arno ulifurika na kuizamisha Florence. Msalaba mkubwa uliochorwa na Cimabue, uliokuwa Santa Croce, ulipoteza zaidi ya nusu ya rangi yake. Wahifadhi wa mataifa mengi walikimbilia huko, wakafanya kazi bega kwa bega katika matope, kila mmoja akiona mwenzake anavyofanya na kwa nini. Wengi wao walirudi makwao wakiwa na mbinu ambazo hawakuzisoma kitabuni. Mwaka uliofuata Baraza la Kimataifa la Makumbusho, ICOM, liliunda kamati yake ya uhifadhi, ambayo mpaka leo ina kikundi cha wahifadhi wa picha za kuchora na hukutanisha wanachama wake kila baada ya miaka mitatu.

Afrika Mashariki ilikuwa pembeni ya mazungumzo hayo. Vifaa vyetu vilisomwa na kuandikwa juu yake, lakini waliovifuta vumbi kila asubuhi hawakualikwa mezani. Mlango ulifunguliwa na mtu aliyejifunza somo lake mbele ya picha za kale kuliko zote alizowahi kuzitunza. Gaël de Guichen, mhandisi Mfaransa, alifanya kazi mwishoni mwa miaka ya 1960 katika pango la Lascaux. Pango hilo liligunduliwa mwaka 1940, likafunguliwa kwa umma mwaka 1948, na mwaka 1963 likafungwa kwa sababu pumzi za wageni, joto lao na taa zilikuwa zinaotesha mwani juu ya fahali na farasi waliodumu kwa maelfu ya miaka. Hapakuwa na rangi ya kupaka wala gundi ya kubandika ambayo ingeokoa michoro ile. Dawa ilikuwa kuondoa chanzo. Alipohamia ICCROM mwaka 1969 aliibeba fikra hiyo: zuia kwanza, tibu baadaye. Na kuzuia, tofauti na kutibu, kunaweza kufanywa na kila mtu makumbushoni, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi anayefunga madirisha jioni.

Darasa ndani ya ghala

Fikra hiyo ndiyo iliyozaa PREMA, mpango wa ICCROM wa kuzuia uharibifu katika makumbusho ya Afrika kusini mwa Sahara. Ulianza katikati ya miaka ya 1980, kisha ukapangwa kuwa kazi ya miaka kumi, kuanzia 1990 hadi 2000. Lengo lake lilitamkwa tangu mwanzo, nalo lilikuwa la kijasiri: kufikia mwaka 2000 Waafrika wenyewe wawe wameshika uhifadhi wa mikusanyo yao na mafunzo ya watakaowafuata. Mpango ulijiwekea siku ya kuondoka.

Njia yake ya kufundisha inastahili kukumbukwa kwa kina. Kozi za kanda zilifanyika ndani ya makumbusho mwenyeji, na mkusanyo halisi wa makumbusho hayo ndio uliokuwa daftari. Washiriki hawakuchora ghala bora ubaoni. Waliingia katika ghala lililopo, wakatoa vifaa nje, wakavihesabu, wakavipa namba, wakatafuta kadi zake, wakasafisha rafu, wakatenga vilivyoliwa na wadudu, wakavirudisha kwa mpangilio. Makumbusho mwenyeji yalibaki na ghala lililopangwa, na washiriki waliondoka na ujuzi uliopimwa kwa mikono yao. Mtunzaji wa Ghana alikaa meza moja na wa Zambia, wa Kenya na wa Nigeria. Waligundua kwamba matatizo yao yalifanana: bajeti ndogo, paa linalovuja, umeme unaokatika, bosi anayedhani ghala ni stoo.

Walijifunza pia kutumia kilichopo. Gundi ya wanga wa ngano iliyopikwa taratibu na kuchujwa hutengeneza karatasi iliyochanika vizuri, na siku yoyote ikihitajika hulainishwa kwa maji na kuondolewa. Hiyo ndiyo kanuni kuu ya taaluma: usifanye leo jambo ambalo mhifadhi wa kesho hataweza kulitengua. Friza ya kawaida inayoshuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri huua wadudu na mayai yao bila sumu, mradi kifaa kifungwe vizuri kwenye nailoni na kiachwe humo wiki moja au mbili. Lakini picha ya rangi za mafuta haiingizwi humo bila ushauri, maana tabaka lake la rangi huwa gumu kwa baridi na linaweza kupasuka. Pazia la marekani lililoshonwa na mama wa jirani linaweza kuokoa rangi nyingi kuliko mashine ya gharama iliyokosa mtu wa kuitengeneza.

Jambo la tatu ndilo lililoitofautisha PREMA na misaada mingine. Waliofanya vizuri walirudishwa kufundisha. Mshiriki wa mwaka huu alikuwa msaidizi wa mwalimu mwaka ujao, kisha mwalimu kamili. Alain Godonou wa Benin alipitia njia hiyo mpaka akawa mkurugenzi wa kwanza wa EPA, shule ya urithi ya Porto-Novo iliyofunguliwa mwaka 1998 kwa ajili ya nchi zinazotumia Kifaransa na Kireno. Kufikia mwisho wa mpango, mamia ya watu kutoka nchi zaidi ya 40 walikuwa wamepitia mafunzo yake, na walifahamiana kwa majina.

Mombasa yapokea kijiti

EPA ikiwa upande wa magharibi, upande wa Kiingereza ulihitaji nyumba yake, na Mombasa ikachaguliwa. George Abungu, mwanaakiolojia aliyesimamia makumbusho ya pwani na aliyekuwa Mkurugenzi Mkuu wa Makumbusho ya Taifa kuanzia 1999, alikuwa miongoni mwa waliolisukuma jambo hili mpaka likawa. Mji wenyewe ulikuwa kitabu. Mbele ya shule ilisimama Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596. Ndani ya ngome hiyo imehifadhiwa michoro ya ukutani ya mabaharia na askari wa Kireno, meli na watu waliochorwa kwa mkaa na udongo mwekundu. Mwanafunzi aliyesoma asubuhi juu ya chumvi inayosukumwa na unyevu hadi usoni mwa lipu aliweza mchana kuvuka barabara na kuuona ukuta wenye historia hiyo, huku upepo wa bahari ukimpiga usoni.

Mombasa na Porto-Novo zilikuwa pia makao ya mafunzo ya mpango wa AFRICA 2009, ulioendeshwa kuanzia 1998 hadi 2009 kwa ajili ya majengo na maeneo ya urithi. Kwa hiyo mtunza picha, mtunza ngome na mtunza kaya za Mijikenda walipita milango ile ile, wakabishana na kuazimana maarifa. Jirani yao Nairobi ndiyo iliyopewa makao ya AFRICOM, baraza la makumbusho ya Afrika lililoundwa Lusaka mwaka 1999. Ndani ya miaka mitatu, Kenya ikawa njia panda ya taaluma ambayo kabla ya hapo ilisomewa zaidi Ulaya.

Mafunzo haya hayakumfanya kila mshiriki kuwa bingwa wa picha za rangi. Kuondoa vanishi iliyogeuka manjano juu ya turubai, kujaza rangi iliyopotea bila kuidanganya kazi ya mchoraji, kubandika upya rangi inayobanduka: hizo ni stadi za miaka mingi karakanani chini ya mwalimu. Lakini Mombasa ilimfundisha mtunzaji jambo ambalo bingwa bila hilo hana kazi: kuitambua picha iliyo hatarini mapema, kuizuia isizidi kuharibika, kuandika hali yake kwa maneno ambayo mwenzake wa Kampala au Rome atayaelewa, na kujua wa kumwuliza. Wahifadhi wa picha popote duniani hutegemea lugha hiyo ya pamoja. Anayeandika tu kwamba picha "imechakaa" hajamsaidia mtu. Anayeandika kwamba rangi inabanduka kwa vipande vya milimita tatu katika robo ya juu kushoto, karibu na tundu la msumari, ameshaanza matibabu.

Faida ilivyopanda bondeni

Makumbusho ya Nairobi yalifungwa mwaka 2005 kwa matengenezo makubwa na kufunguliwa tena mwaka 2008. Jengo likibomolewa kuta, mkusanyo lazima uhame, na kuhama ni saa ya hatari kuliko zote kwa picha: fremu hugongwa, kioo huvunjika, karatasi hutoka kwenye hewa iliyoizoea. Kazi kama hiyo haifanywi na mtaalamu mmoja. Inahitaji timu inayojua kushika fremu kwa pande mbili, si kwa waya wa kutundikia, kutenganisha picha na picha kwa kadi isiyo na asidi, na kutia saini kila kinapotoka na kila kinapoingia.

Huku kwetu mahitaji ni ya namna nyingine. Makumbusho ya Bonde la Ufa ni madogo. Hyrax Hill ni nyumba ya shambani. Makumbusho ya Kabarnet yako katika iliyokuwa nyumba ya mkuu wa wilaya. Majengo ya aina hii yalijengwa kwa ajili ya familia: madirisha makubwa ya kutazama mandhari, dari za mbao, jiko nyuma. Kila dirisha zuri la mkoloni ni mlango wa mwanga kwa picha. Mtunzaji wa mahali kama hapo huwa peke yake, naye ndiye mpokea wageni, mwongozaji, mhasibu na mhifadhi. Kumpelekea maabara hakuwezekani. Kinachowezekana ni kumpa maarifa ya kuhamisha picha kutoka ukuta unaopigwa na jua la asubuhi, kumpa daftari la kuandika unyevu kila siku, na kumpa wenzake wa kuzungumza nao siku atakapoona unga wa mbao chini ya fremu. Hayo ndiyo mafunzo yaliyobuniwa na PREMA na kurithiwa na Mombasa, na kwa makumbusho madogo yana thamani kuliko chombo chochote cha gharama.

Ujuzi unaoshirikiwa pia hujisahihisha. Katika kizazi cha Mary Leakey, kunakili michoro ya miambani kulimaanisha kuweka karatasi angavu juu ya mwamba na kufuata mistari kwa kalamu, na baadhi ya wapiga picha walimwagia mwamba maji ili rangi zikolee. Leo wahifadhi wanakataza kuulowesha mwamba na wanaepuka kuugusa, kwa sababu wameona, eneo baada ya eneo, chumvi na michubuko iliyofuata. Shirika la TARA, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1996 na mpiga picha David Coulson kwa kutiwa moyo na Mary Leakey mwenyewe, limepiga picha michoro ya miambani katika nchi nyingi za Afrika, na maelfu ya picha hizo zimepelekwa British Museum ili watafiti wote wazione. Nakala za Kondoa hazijapoteza heshima yake kwa hilo. Zimekuwa za thamani zaidi, maana zinaonyesha kilichokuwapo mwaka 1951, na anayesimama mbele ya mwamba leo anaweza kulinganisha.

Deni la robo karne ijayo

Kumbukumbu ya taasisi haina maana kama haisemi kilichobaki. Afrika Mashariki imezaa wachoraji wakubwa tangu uhuru, na kazi zao zinazeeka. Michoro mitano ya Elimo Njau katika kanisa la ukumbusho la Murang'a, ya mwishoni mwa miaka ya 1950, inakaribia miaka 70. Paa ya Paa, kituo cha sanaa alichoshiriki kukianzisha mwaka 1965, kiliungua mwaka 1997, na kazi nyingi zikateketea. Wachoraji wa leo wanatumia rangi za akriliki, mabati, magunia, karatasi za magazeti na gome la mti. Kila kimoja kina ugonjwa wake, na vitabu vya Ulaya havijaandika tiba zake zote. Tiba hizo zitaandikwa na watu walioko hapa au hazitaandikwa kabisa.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeyaweka makumbusho miongoni mwa kazi za kaunti, huku urithi wenye umuhimu wa kitaifa ukibaki mikononi mwa serikali kuu. Nakuru ilipata hadhi ya jiji mwezi Desemba 2021. Jiji lenye kilima cha Hyrax Hill, lililo katika kaunti yenye Kariandusi na Elsamere, na lenye shule, makanisa, hoteli na ofisi zilizojaa picha za kuchora, lina wajibu wa kuwa na angalau watu wachache waliosomea kuzitunza. Kumpeleka kijana mmoja kusomea uhifadhi wa picha kwa gharama ya umma ni jambo jema, lakini PREMA imetufundisha kwamba kijana mmoja hatoshi. Mkono mmoja haulei mwana. Anayerudi na shahada na kujifungia karakanani atatengeneza picha 20 maishani mwake. Anayerudi na kufundisha watunzaji kumi wa makumbusho, wakutubi, walimu wa sanaa na mapadri wenye picha makanisani ataokoa mamia bila kuzigusa.

Kwa hiyo heshima tunayoweza kuipa shule ya Mombasa ni kufanya walivyofanya. Kila makumbusho ya bondeni yaandike hali ya kila picha iliyomo, kwa Kiswahili kinachoeleweka na kila atakayeshika funguo baadaye. Watunzaji wa Nakuru, Narok, Kabarnet na Naivasha wakutane kila mwaka katika ghala la mmoja wao, si katika ukumbi wa hoteli, wapange ghala hilo pamoja na kuambiana walichokosea na kilichofaulu. Vijana wa sanaa wa vyuo vyetu waalikwe washike brashi laini na taa ya ubavuni kabla hawajashika rangi. Na kila aliyefundishwa ahesabiwe kuwa hajamaliza masomo mpaka naye awe amemfundisha mwenzake.

Waliobuni PREMA walijiwekea mwaka wa kuondoka wakiamini Waafrika watayashika mambo yao wenyewe. Imani hiyo ilipewa miaka kumi, nayo ikatimia katika jengo la mahakama ya zamani, Mombasa. Bonde la Ufa lina picha, lina majengo, na lina watu waliokwisha kuonja mafunzo hayo. Kinachotakiwa ni kuyagawa.